Joto, Umeme na Uhai wa Kompyuta: Somo kwa Watumiaji wa Handeni na Korogwe

Katika miji ya Handeni na Korogwe, kompyuta si pambo la ofisi tena. Katika vibanda vya steshenari vilivyo jirani na stendi, mahakama na shule, kompyuta moja huchapa mitihani, hujaza maombi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, hutuma maombi ya ajira serikalini na kuandaa picha za pasipoti. Mara nyingi chombo hicho kimenunuliwa kwa fedha za kikundi cha kuweka na kukopa, na rejesho hudaiwa kila wiki, kompyuta iwe inawaka au haiwaki. Inapokufa kabla mkopo haujaisha, hasara haimwangukii mwenye duka peke yake. Wadhamini wake katika kikundi nao huingia mfukoni.

Sababu inayotajwa haraka ni virusi. Virusi vya kompyuta vipo, navyo huharibu kazi zilizohifadhiwa. Lakini kapasita iliyopasuka na pawa saplai inayonuka kuungua ni habari nyingine. Huko hatuna budi kuwatazama maadui wawili: joto lisilopata pa kutokea, na umeme unaopanda na kushuka. Wahandisi wamepambana na maadui hawa kwa miaka mingi, na matunda ya ubunifu wao yamo tayari ndani ya kompyuta uliyonunua. Tunachokusudia hapa ni kueleza jinsi ubunifu huo unavyofanya kazi, ili mtumiaji ajue wakati anapousaidia na wakati anapouzuia.

Joto latoka wapi

Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hatimaye hugeuka joto. Kompyuta inayotumia wati 100 hupasha chumba sawasawa na hita ya wati 100, hata kama kazi inayofanya ni kuandika barua ya kurasa mbili. Sehemu kubwa ya joto hilo huzaliwa ndani ya prosesa, kipande kidogo chenye transista nyingi mno zinazowaka na kuzima mara mamilioni kwa sekunde. Kila badiliko hupoteza nishati kidogo. Kiasi kinachopotea hutegemea idadi ya mabadiliko, na hutegemea zaidi volti: volti ikipungua kuwa nusu, nishati ya kila badiliko hushuka hadi robo. Chip iliyokuwa ikihitaji volti 5 ikiwezeshwa kufanya kazi kwa volti 1, nishati hiyo hushuka mara 25.

Prosesa za kwanza za Pentium, zilizotoka mwaka 1993, zilitumia volti 5 na umeme usiozidi wati 15 hivi. Kufikia mwaka 2004, baadhi ya prosesa za Pentium 4 zilikuwa zinatumia hadi wati 115, ingawa volti zilikwisha kupunguzwa sana. Idadi ya transista na kasi yake vilikuwa vimeongezeka kupita kiasi cha punguzo hilo. Joto likawa ndilo linaloamua mwendo wa kompyuta. Tangu hapo wabunifu waligeukia njia ya busara zaidi: kugawa kazi kwa viini kadhaa ndani ya prosesa moja, na kuifanya prosesa ijipunguzie volti na mwendo kila inapokuwa haina kazi nzito. Ndiyo maana kompyuta mpakato nyingi za leo zina prosesa iliyokusudiwa kutumia wati 15 hivi, na bado zinaishinda ile Pentium ya zamani kwa mbali sana.

Njia ya joto kutoka ndani hadi nje

Joto la prosesa husafiri kwa hatua, na kila hatua inaweza kuziba.

Hatua ya kwanza ni pesti, ule utomvu mweupe au wa kijivu ambao fundi huupaka juu ya prosesa. Nyuso mbili za chuma zinazoonekana laini kwa macho zina vishimo vidogo vilivyojaa hewa, na hewa ni mpitishaji mbaya wa joto. Pesti hujaza vishimo hivyo. Baada ya miaka kadhaa hukauka na kupasuka kama matope ya kiangazi. Kuibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi mwenye mkono mwepesi, lakini wengi hawaiombi kwa sababu hawajui kwamba ipo.

Juu ya pesti hukaa kipande cha alumini au shaba chenye mapezi membamba. Mapezi huongeza eneo linalogusana na hewa, na feni huisukuma hewa hiyo nje. Katika kompyuta ya mezani mpangilio huu huonekana mara tu unapofungua boksi. Katika kompyuta mpakato nafasi haitoshi, na hapo ndipo ulipoingia uvumbuzi unaostahili maelezo zaidi.

Ukitazama ndani ya kompyuta mpakato utaona bomba jembamba la shaba, lililobanwa likawa bapa, likitoka kwenye prosesa hadi pembeni penye feni. Si shaba tupu. Limefungwa pande zote, hewa imenyonywa, na ndani yake mmebaki maji kidogo. Upande wa prosesa maji huchemka, na kwa kuwa ndani hamna hewa huchemka kwa joto la chini kuliko kwenye sufuria. Mvuke hukimbilia upande wa baridi, hutua na kuwa maji tena, ukiachilia joto lake hapo. Kisha maji hurudi yalikotoka kwa kupenya katika utando mfano wa utambi wa koroboi. Kila aliyefunua kifuniko cha sufuria ya wali na kuona matone yaking'ang'ania upande wa ndani ameshaona nusu ya kanuni hii. Bomba la namna hii lilitengenezwa na George Grover katika maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1963, likikusudiwa vyombo vya anga. Leo lipo kwenye meza ya steshenari ya Manundu, na mwenye duka huliziba kwa kuiweka kompyuta juu ya kitambaa cha meza kilichokunjwa, au nyumbani kitandani juu ya godoro. Bomba likifikisha joto mahali ambapo feni haipati hewa ya kusukuma, kazi yote imekwenda bure.

Hatua ya mwisho ni ulinzi. Ndani ya prosesa kuna kipimajoto. Joto linapokaribia nyuzi 100, prosesa nyingi hujipunguzia mwendo zenyewe. Likizidi, kompyuta hujizima. Huu si ubovu hata kidogo, bali ni uvumbuzi ulioiokoa kompyuta isiungue. Mtumiaji anayeiwasha papo hapo, ikajizima, akaiwasha tena, anapigana na mlinzi wake mwenyewe.

Chumba, bati na vumbi

Joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, na kasi yake hutegemea tofauti iliyopo. Tuseme prosesa inavumilia hadi nyuzi 100. Katika chumba cha nyuzi 20 kuna tofauti ya nyuzi 80 ya kulisukuma joto nje. Katika kibanda kilichoezekwa bati bila dari, mwezi Februari saa nane mchana, hewa ikifika nyuzi 36 tofauti hubaki 64. Kwa feni ileile na mapezi yaleyale, uwezo wa kupoza umepungua kwa moja ya tano kabla hata vumbi halijahesabiwa.

Kuna jaribio lisilogharimu chochote. Fanya kazi ileile asubuhi na mchana. Kompyuta ikiwa nyepesi saa mbili asubuhi na nzito saa nane mchana, anza kushuku joto kabla ya kulipia kuondolewa virusi. Maelezo yanayosema "ikipumzika inakuwa nzima" kwa kawaida ni maelezo ya joto.

Vumbi la eneo letu lina tabia zake. Udongo mwekundu wa Handeni ni laini sana, huingia penye upenyo wowote na kujibandika kwenye mapezi. Karibu na mashamba ya mkonge ya Korogwe huongezeka nyuzinyuzi, na aliyepanga jirani na mashine ya kusaga hupata unga. Unga ni mbaya zaidi kwa kuwa hushika unyevu. Katika mazingira kama haya, kusafisha mara moja kwa mwaka hakutoshi. Kila baada ya miezi mitatu ndiyo kadiri tunayoishauri. Zima kompyuta, chomoa waya, toa betri kama inatoka, kisha tumia brashi laini na kipulizio. Zuia feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, maana ikizungushwa kwa nguvu mno huweza kuumia. Pampu ya gereji ya kujazia matairi haifai. Hewa yake hubeba maji na mafuta.

Swali hutokea kama kiyoyozi ni cha lazima. Si cha lazima. Dari ya bei nafuu, dirisha linalopitisha hewa, na meza iliyosogezwa mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Pangaboi nalo husaidia, mradi lisiwe linasukuma vumbi la barabarani moja kwa moja kwenye boksi la kompyuta.

Umeme wa jirani na kituo cha kuzalisha

Wilaya ya Korogwe ina kituo chake cha umeme. Kituo cha Hale, kwenye mto Pangani, chenye uwezo wa megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964. Baadhi ya wakazi huuliza kwa nini basi taa zao hufifia. Jibu ni kwamba umeme wa kituo huingia katika gridi kwa volti kubwa na kumrudia mtumiaji kupitia transfoma ya mtaani. Ubora wa kinachofika kwenye soketi yako huamuliwa na kipande cha mwisho cha safari: umbali kutoka transfoma, unene wa nyaya, na wale mnaogawana laini hiyo.

Umeme wa nyumbani nchini kwetu ni volti 230. Katika vijiji vya Handeni wakati wa mavuno ya mahindi, mashine za kukoboa na kusaga huwaka na kuzima mchana kutwa, na mota kubwa inapoanza kuzunguka huweza kuvuta mkondo mara tano au zaidi ya ule wa kawaida. Kwa sekunde chache volti za majirani huanguka. Fundi wa kuchomelea huleta mtikisiko wa namna hiyo. Na umeme unaporudi baada ya kukatika, vifaa vyote vya mtaa huanza kwa pamoja na volti huyumba. Mgawo wa umeme wa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 uliwazoesha wengi hali hiyo. Kuanza kwa mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere mwezi Februari 2024 kuliongeza umeme katika gridi, lakini bwawa haliwezi kunenepesha waya mwembamba wa mtaani kwako.

Chaja nyingi za kompyuta mpakato zimeandikwa 100–240 V. Maana yake ni kwamba ndani mna mtambo unaoukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na kuupima upya, ukitoa volti zilezile hata volti za ukutani zikishuka. Ni uvumbuzi mkubwa, ila una gharama iliyofichika. Pawa saplai ya kompyuta ya mezani inayohitaji wati 200 huvuta ampea 0.87 kwenye volti 230. Volti zikishuka hadi 160, huvuta ampea 1.25 ili kutimiza zilezile wati 200. Mkondo ulioongezeka huzidisha joto ndani ya pawa saplai, na kapasita zilizomo huchakaa haraka: kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Kwa hiyo maadui wetu wawili hushirikiana. Umeme hafifu huleta joto, na joto humaliza kifaa kilichopaswa kuhimili umeme hafifu.

Jihadhari pia na swichi ndogo, aghalabu nyekundu, nyuma ya baadhi ya kompyuta za mezani za mtumba, iliyoandikwa 115 na 230. Kompyuta iliyotoka Marekani huweza kuwa imewekwa 115. Ukiichomeka hivyo kwenye soketi ya hapa, mlipuko mmoja mdogo utamaliza mambo. Isogeze hadi 230 kabla waya haujagusa ukuta.

Vifaa vya kinga na visivyokinga

Ekstensheni ya kawaida, hata iwe na taa na swichi nzuri namna gani, haikingi chochote. Ile yenye kinga ya mshtuko ina ndani yake kidonge kinachoitwa varista, kilichobuniwa kwa oksidi ya zinki nchini Japani mwishoni mwa miaka ya 1960. Volti zinaporuka ghafla, varista hufungua njia na kuzipitisha pembeni. Hufanya kazi yake vizuri pale tu nyumba ilipo na waya wa ardhini uliofungwa ipasavyo, na kila mshtuko huidhoofisha. Haizuii umeme kushuka.

Kilinda volti hukata umeme ukiwa juu mno au chini mno, kisha husubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Kwa kompyuta mpakato, ambayo ina betri yake, tunaona kifaa hiki kinatosha. Stabilaiza hujaribu kurekebisha volti zenyewe, nayo yafaa kwa aliye mwisho wa laini. Kompyuta ya mezani yahitaji UPS, yenye betri ya kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Soma wati, usisome VA pekee: UPS iliyoandikwa 650 VA mara nyingi hubeba wati zisizofika 400. Printa ya leza na mashine ya kutoa nakala zisichomekwe kwenye UPS ndogo, kwa sababu zinapopasha rola huvuta umeme mwingi kwa mpigo. Betri ya UPS nayo huchukia joto, basi usiifiche kabatini. Radi inaponguruma wakati wa masika au vuli, hakuna kati ya vifaa hivi kinacholingana na kuchomoa waya.

Vipo vidude vinavyochomekwa kwenye soketi na kuuzwa kwa madai ya kupunguza matumizi ya umeme kwa nusu. Ndani yake aghalabu huwa na kapasita na taa. Mita ya LUKU ya nyumbani huhesabu nishati iliyotumika, na kapasita hiyo haiipunguzi. Tunasema wazi: usivinunue.

Anayetaka kupunguza matumizi kwa kweli aangalie kompyuta yenyewe. Ya mezani ya zamani inayotumia wati 150, ikiwaka saa 8 kwa siku 26, humaliza uniti 31 na ushei kwa mwezi. Mpakato wa wati 40 humaliza uniti 8 na ushei. Kwa bei ya kundi la T1 iliyopangwa mwaka 2016, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, tofauti ni takriban shilingi 6,700 kwa mwezi, yaani zaidi ya 80,000 kwa mwaka. Thibitisha bei ya sasa unapopiga hesabu yako. Aliye katika kundi la D1, lenye unafuu kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ana sababu ya ziada ya kuwa makini, kwa kuwa kompyuta ya mezani pekee humaliza zaidi ya theluthi moja ya kiwango hicho.

Unaponunua, na unapodhurika

Kabla ya kulipia kompyuta ya mtumba, omba iwake kwa nusu saa mfululizo, ikicheza video, ukiwa hapohapo. Weka kiganja penye tundu la hewa: hewa moto inayotoka kwa nguvu ni dalili njema, ilhali tundu lisilotoa hewa huku sehemu ya chini ikiunguza mkono ni dalili mbaya. Feni inayokwaruza itadai kubadilishwa hivi karibuni. Dai risiti ya mashine ya EFD na dhamana iliyoandikwa, ikitaja siku na sehemu zinazohusika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu hali na ubora wa bidhaa; kompyuta ya mtumba kuuzwa kama mpya ni suala la kupelekwa Tume ya Ushindani, na risiti ndiyo itakayokusemea.

Ukiamini kwamba umeme umeharibu kompyuta yako, mtoa huduma ndiye wa kwanza kuelezwa. Fika ofisi ya TANESCO ya wilaya yako kwa maandishi, ukitaja tarehe, saa, namba ya mita, kilichotokea, na majirani waliopatwa na hali hiyohiyo saa hiyohiyo. Omba namba ya taarifa na ubaki na nakala yenye muhuri. Usiporidhika na majibu, au usipojibiwa, peleka lalamiko EWURA pamoja na nakala hizo. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, lipo kwa ajili ya kumshauri mtumiaji asiyejua aanzie wapi. Matatizo ya nyaya za ndani ya nyumba ni ya mwenye nyumba, na hayo yakaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, akianza na waya wa ardhini.

Kompyuta iliyoungua isifunguliwe na fundi wa mtaani kabla ya madai kukaguliwa. Ihifadhi pamoja na chaja yake na ekstensheni iliyokuwa imechomekwa, vyote kama vilivyokuwa siku ile.